Betri za magari: Zanzibar tuna chetu humo?

Fundi Darajani: Nikeli, madini ya kuundia betri, ya Kabanga, kule Ngara, serikali ina hisa asilimia 16, na makubaliano ya 2021 yanataka isafishwe Kahama. Wanasema baadaye tuunde betri za magari wenyewe. Sie wa visiwani tutapata nini, au tutanunua tu? Juzi nimefungua betri ya pikipiki ya umeme ya mtu wa Nungwi, chumvi imekula vichwa vya waya, kijani kama mwani.

Jang'ombe: Nikeli si jambo la Muungano, ni ya bara. Mjadala umekwisha.

Mmakunduchi: Haujesha. Indonesia walizuia nikeli ghafi isitoke nchini Januari 2020, wenye viwanda wakaifuata huko huko. Sie hata karafuu twauza kama ilivyotoka juani, halafu Pemba kazi kulalama.

Mtoto wa Wete: Kama ilivyotoka juani? Njoo uanike weye! Ushawahi kukimbilia jamvi, mawingu yamefunga na watoto wote wako skuli? Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, twayatoa mafuta pale Wawi. Hicho si kiwanda?

Mmakunduchi: Makonyo! Yakhe, mie nasema betri.

Mtoto wa Wete: Hao Waindonesia wako wamenunua karafuu yetu miaka na miaka wakaitia kwenye sigara. Mbona hapo hukuwasifu?

Bi Shaurimoyo: Na hayo magari mtayachaji kwa umeme upi? Mmesahau ule wa bara ulipokatika? Mwezi mzima nachota maji kwa madumu.

Jang'ombe: Mwezi wapi, bibi. Miezi mitatu! Disemba 2009 mpaka Machi.

Bi Shaurimoyo: Mie nasema wa 2008, mwanangu. Weye ulikuwa ungali wabebwa.

Jang'ombe: Nilikuwa darasa la saba!

Mtoto wa Wete: Sie Pemba tulikuwa na majenereta yetu Wesha. Tukiwapigieni simu kuwapeni pole, simu zenu hazina chaji.

Mmakunduchi: Majenereta yenyewe yakilala kuliko paka.

Fundi Darajani: Jamani, waya mpya wa umeme wa baharini, wa Fumba, upo tangu 2013, megawati 100. Nimeuliza betri. Ile ya Nungwi ingali mezani kwangu, na kiwanda cha kuichakata itumike tena sikijui.

Bi Shaurimoyo: Weye wa Wete, hayo makonyo kilo bei gani sasa?