Naomba ushauri: pleti namba za modeli za magari

Wakuu habarini, niko Mtwara mjini, natengeneza mabasi na malori madogo ya skeli ya 1:24, bodi na taa zinatoka poa ila pleti namba ndo zinanitesa. Kwa skeli hiyo kila sm 12 za pleti halisi zinakuwa mm 5 tu, sasa nikiprinti steshenari kwenye stika halafu nikapaka vanishi wino unavuja, nyeupe ya mabasi angalau, ila njano ya gari binafsi inachafuka kabisa yani hata ile T haisomeki. Printa ya leza itasaidia? Na herufi zilizoinuka mnazipataje, bati la kopo la soda linakubali kugongwa? Mwenye uzoefu anielekeze jamani, hata akiwa Lindi au Masasi namfuata.