Naomba ushauri: nawapimaje hawa watu wazima ninaowafundisha Kiingereza kazini?

TichaWaJioni: Wakuu habari za jioni. Nafundisha Kiingereza wafanyakazi wa hoteli moja huku kaskazini Unguja, kina dada wa usafi wa vyumba, wahudumu, vijana wa kuosha vyombo, Jumanne na Alhamisi dakika 90 wakishatoka shifti, sasa wiki 12 zimeisha na meneja anataka ripoti Ijumaa, nani kapanda nani hajapanda. Nimewapa mtihani wa kuandika, jaza nafasi, wakati uliopita. Kijana wa kidato cha nne kapata 33 kati ya 40, dada mmoja wa darasa la saba kapata 7. Roho inaniuma maana kwenye kuongea huyo dada ndo anaongoza. Nitumie kipimo gani?

MzeeWaGati: Wageni nao wajifunze Kiswahili bwana. Sisi tukienda kwao mbona tunahangaika na lugha yao.

Kachumbari_Tamu: Mi 2014 nilikuwa mhudumu Kiwengwa, Waitaliano watupu, Kiingereza cha shule hakikunisaidia kitu, Kiitaliano nimekiokota hapo hapo mezani huku nimebeba sahani, neno la kwanza "subito", yaani sasa hivi, mpaka nyumbani mke akiniita naitikia subito. Mtihani sijafanya na hakuna mgeni aliyelala njaa.

BiMkubwaTicha: Mwalimu mwenzangu, siku ya kwanza uliwapima? Na hiyo ripoti meneja anaenda kuifanyia nini?

TichaWaJioni: Sikuwapima, tulianza na salamu moja kwa moja. Ripoti ni ya ofisi tu.

BiMkubwaTicha: Ya ofisi kufanyia nini?

TichaWaJioni: Sawa. Masika wageni wanapungua, mikataba inaisha, aliye chini ya 20 haongezewi. Wakati natunga mtihani sikujua, nimeambiwa juzi. Yule dada nimeshamwandikia 24.

Msema_Haki: Hapo umeghushi. Na aliyepata 15 kwa jasho lake umempa nini? Mungu anakuona.

TichaWaJioni: Nyie hamjamsikia. Wiki iliyopita nipo koridoni, mgeni katoka analalamika bomba la bafuni limevuja usiku kucha hajalala. Dada kaingia, kalikaza, katega sikio, karudi kamwambia "Water no stop. I call fundi now. You sleep other room?" Mgeni kabeba begi lake wakahama chumba. Kijana wa 33 alikuwa hapo hapo na trei, yeye ndo aliulizwa kwanza, akakaa kimya. Kwangu hiyo 7 ndo uongo.

Jicho_Pembeni: Hii chai. Ticha gani anasimama koridoni kwenye vyumba vya wageni? Na dada wa watu unajua mpaka anavyotega sikio? Mtoa mada ni mume wake huyu.

Kachumbari_Tamu: Au ndo dada mwenyewe 😂

TichaWaJioni: Ni umri wa mama yangu jamani, dada tunamwita wote. Na koridoni nilikuwepo kwa sababu darasa letu ni stoo ya mashuka, ghorofa hilo hilo.

BiMkubwaTicha: Mwacheni. Mwalimu, wiki 12 zako ni saa 36. Cambridge, wale wa mitihani ya Kiingereza, wanakadiria kufika A2, ngazi ya pili kati ya sita za kujua lugha, ni saa 180 mpaka 200 za kufundishwa, kwa hiyo mwandikie meneja wazi kwamba saa 36 hazimpandishi mtu ngazi nzima na si haki zimkatie mkataba. Na hizo ngazi, A1 mpaka C2, za Baraza la Ulaya, za 2001, zinauliza mtu anaweza kufanya nini na lugha. Basi wape kazi yao. Wewe kuwa mgeni, bomba linavuja, taulo hazipo, mtoto karanga zinamdhuru. Wote, dakika tano tano, rekodi kwa simu wakikubali, mkuu wa kitengo asikilize atoe alama zake kabla hajaona zako. Kundi lijalo rekodi na siku ya kwanza, ndo utaona nani katoka wapi.

TichaWaJioni: Kesho naanza na wa shifti ya asubuhi. Na ile 24?

BiMkubwaTicha: Futa. Rudisha 7 yake ya kuandika, ya kuongea iweke pembeni yake.

TichaWaJioni: Nimefuta.