Makro 100 au lenzi ndefu 100-400 kwa ajili ya kereng'ende? Nanunua wiki hii

Mgeni_Bwawani: Habarini wakuu. Napiga picha za kereng'ende kwa lenzi iliyokuja na kamera, na kila nikisogea anaruka. Nimedunduliza, sasa naweza kununua lenzi moja tu. Zimebaki mbili: makro (lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100 au lenzi ndefu ya 100-400. Nichukue ipi?

Matete: Mkuu, umeuliza nusu swali. Kamera ina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) kubwa au ndogo? Unamtaka aliyetua au anayeruka? Unakwenda asubuhi au mchana? Bila hayo kila mtu atakutajia lenzi aliyonayo yeye.

JichoLaMaji: Chukua makro, yaishe. Jicho la kereng'ende mkubwa limeundwa na vijicho karibu elfu 30, na raha ya mdudu huyu ni kuviona vikipangana kama sega la nyuki. Lenzi ndefu haitakufikisha huko hata siku moja.

Matete: @JichoLaMaji kweli kwa jicho, lakini yeye hajasema anataka jicho. Kereng'ende si sisimizi. Chukua mfano wa Canon EF 100-400 toleo la pili: inaanza kulenga kwenye sentimita 98, na hapo mdudu anaangukia kwenye sensa kwa 0.31 ya ukubwa wake. Sensa ndogo ya upana wa milimita 22 itabeba takriban milimita 71 za mdudu, yaani kereng'ende mzima anaijaza picha. Kwa makro 100 ukitaka ukubwa huo huo, mbele ya lenzi unabaki na chini ya nusu mita. Hapo ndipo anaporuka.

Ila angalia vizuri ni 100-400 ipi. Toleo la kwanza la lenzi hiyo lilianza kulenga kwenye mita 1.8, na tofauti utaiona kwenye kila picha.

Mgeni_Bwawani: Sensa ndogo. Napata nafasi mchana tu, saa saba hadi saa tisa. Aliyetua kwanza, ila natamani sana na anayeruka.

Mama_Nuru: Mwanangu, ngoja nikueleze yaliyonikuta na makro, maana mpaka leo yananiuma. Nilifika bwawani saa kumi na moja alfajiri nikamkuta tunutu, yaani kereng'ende mchanga wa majini, amepanda kwenye tete. Mgongo ukapasuka, kichwa na kifua vikatoka, akaning'inia kichwa chini akipumzika. Baadaye akajikunja, akashika gamba lake kwa miguu, akauchomoa mkia. Mabawa yakaanza kujaa polepole. Nilikuwa na makro 100 na nilitaka mabawa tu yajae kwenye picha, nikazidi kusogea. Goti likagusa tete. Akaanguka majini.

Nilimwopoa kwa jani, lakini mabawa yalikuwa bado laini kama karatasi iliyolowa, yakakaukia vile vile yamejikunja. Nilikaa naye mpaka saa tatu. Hakuruka. Ameishi majini muda wote ule, amebadilisha gamba mara nyingi, na siku ya kutoka nikamharibia mimi. Tangu hapo natumia lenzi ya milimita 300, nakaa mbali, nanyamaza.

Tunutu: Pole mama. Ila tusiseme mkia, ni tumbo. Mmeng'enyo wa chakula na viungo vya uzazi vyote vimo humo.

Mama_Nuru: Sawa mwanangu, tumbo. Lakini ukiniambia mkia nitakuelewa.

Ukungu: Pole sana Mama_Nuru. Mimi naona kabla ya lenzi, ajifunze tabia. Wako wanaotua na wako wasiotua. Anayetua ana kijiti chake: anaruka, anakamata mbu, anarudi pale pale. Kwa hiyo usimfuate. Kaa chini karibu na kijiti akiwa hayupo, lenga kijiti, subiri. Atarudi mara kumi. Hapo hata makro inatosha, kwa sababu kinachomshtua hasa ni mwendo wako na kivuli chako.

Jua la saa saba lina zawadi yake: joto likizidi, wengine huinua tumbo juu kabisa, wakalielekeza kwenye jua ili mwili upate jua kidogo. Piga kwa ubavu, sensa iwe sambamba na mwili, tundu la lenzi liwe dogo, f/8 au f/11, mwili mzima utakuwa mkali.

Anayezunguka bila kutua, kama yule kereng'ende mkubwa Anax imperator, ni kazi nyingine. Mtazame dakika kumi kwanza. Ana njia yake, na kuna mahali anasimama hewani kidogo. Lenga hapo kwa mkono, kasi ya shata 1/2000 ya sekunde au zaidi. Nyingi zitaharibika, moja itatoka.

KibaruaWaPicha: Mnajitesa. Mkamate kwa wavu, mtie kwenye friji dakika chache, mweke juu ya ua. Anatulia kabisa.

Ukungu: Hapana mkuu, hili nakupinga waziwazi. Kereng'ende aliyepozwa huonekana: miguu haishiki vizuri, na amewekwa kwenye ua ambalo hana shughuli nalo. Halafu tabia iko wapi? Ukitaka aliyetulia, nenda alfajiri. Amejaa umande, misuli ya mabawa ina baridi, hawezi kuruka mpaka ipate joto. Utamwona anatetemesha mabawa kujipasha.

JichoLaMaji: Na alfajiri hiyo makro ndiyo mfalme. Narudia.

Matete: Amesema anapata nafasi mchana tu!

Mgeni_Bwawani: Ahsanteni, kichwa kimejaa. Bado sijaamua, nitajaribu kuazima makro kwanza. Swali la pembeni: jana niliona mmoja anagongagonga tumbo juu ya boneti ya gari jeusi. Alikuwa anafanya nini?

Tunutu: Anataga. Rangi nyeusi au nyekundu inayong'aa huakisi mwanga kwa namna ile ile maji yanavyouakisi, na yeye hutambua maji kwa mwanga huo. Mayai yanakaukia pale. Hata makaburi ya mawe meusi yaliyosuguliwa huwavuta.

Mama_Nuru: Masikini. Basi magari yafunikwe yakiegeshwa karibu na maji.

Tunutu: @Mgeni_Bwawani alikuwa peke yake, au dume alimshika kichwani?

Mgeni_Bwawani: Dume alikuwa juu yake anazunguka, akija mwingine anamfukuza. Picha ninayo, haijatoka kali sana. Naipandisha jioni.