Je, bima kubwa ya kichwa inalinda tela na magari yaliyopakiwa juu yake?

Mwenye Tela, Makambako

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri wa watu wanaozijua bima za mizigo kwa undani, kwa sababu mawakala wawili wamenipa majibu yanayopingana na safari yangu ni wiki ijayo.

Nina kichwa kimoja cha lori na tela la wazi lisilo na kuta, na kazi yangu kubwa ni kubeba pikapu zilizotumika, matrekta na powertila kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Makambako, Mbeya na Sumbawanga. Kichwa nimekikatia bima kubwa. Tela lina namba yake ya usajili, hivyo nimelikatia bima ndogo yenye stika yake. Mzigo sijawahi kuukatia chochote, kwa kuwa wakala wa kwanza alinihakikishia kwamba bima kubwa ya kichwa hubeba kila kinachovutwa, lakini wakala wa pili amelikana jambo hilo kabisa. Safari hii nimepewa pikapu mbili, trekta moja na makasha ya vipuri, vyote kwa pamoja vikiwa na thamani ya shilingi milioni 120, na mwenye mzigo anataka nisaini karatasi ya kukubali kuwajibika kwa hasara yoyote itakayotokea njiani.

Zaidi ya hayo, yuko mteja anayetaka nimpelekee mashine Lubumbashi, naye anasema Kadi ya Njano inatosha. Naomba kuelezwa ni bima ipi hasa inayolipa trekta likiharibika likiwa juu ya tela.

Mfanyakazi wa Bima, Dar es Salaam

Ndugu yangu, wakala wa pili amekwambia kweli, na ninasikitika kwamba umefanya kazi muda wote huo bila kujua hali yako halisi.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima dhidi ya madhara anayoweza kuwasababishia watu wengine, na hiyo ndiyo tunayoiita bima ndogo. Bima kubwa huongeza ulinzi wa chombo chenyewe kilichotajwa kwenye mkataba kwa namba yake. Kwa hiyo bima kubwa ya kichwa chako inalinda kichwa. Tela likipinduka na kupinda fremu, bima ndogo uliyolikatia haitalipa hata shilingi moja ya matengenezo yake, ingawa itamlipa mtu ambaye tela hilo limembomolea ukuta.

Wengi hudhani kwamba pikapu na trekta, kwa kuwa ni mali ya mtu mwingine, zitahesabika kama mali ya mtu wa tatu na kulipwa na bima ndogo. Sivyo. Soma mkataba wako kwa makini, hasa sehemu ya mambo yasiyolipwa, na utakuta maneno yanayoondoa mali iliyo chini ya ulinzi au uangalizi wa mwenye bima pamoja na mali inayobebwa na chombo hicho. Tangu pikapu inapopandishwa kwenye tela lako, machoni pa bima haihesabiki tena kama gari lililoko barabarani, bali ni mzigo, sawa na gunia la mahindi. Mzigo una bima yake, ambayo ni bima ya mizigo iliyo safarini, na hukatwa kwa safari moja au kwa mwaka mzima.

Ukikata ya mwaka, utaulizwa makadirio ya thamani ya mizigo yote utakayobeba, kisha utawekewa kikomo cha kila safari. Kikomo hicho ndicho cha kuangalia kwa jicho kali. Mtu hutaja kiasi kidogo ili ada ipungue, halafu hushangaa siku ya madai. Chukua mzigo wako huo wa milioni 120: ukiuandikia milioni 60 na ikatokea hasara ya milioni 30, mkataba wenye kifungu cha uwiano utakulipa milioni 15, kwa kuwa ulilipia nusu ya thamani, na nusu nyingine ya hasara ni yako mwenyewe. Kutoka kwenye hizo milioni 15 bado kitakatwa kiasi cha mwanzo ambacho kila mwenye bima hujibebea. Kumbuka pia kwamba ada huongezewa VAT, na kwamba ulinzi hauanzi kabla ada haijalipwa, hata kama wakala amekuahidi kwa simu.

Msafirishaji wa Zamani, Iringa

Ninaongezea jambo moja lililonigharimu, kwa sababu maelezo ya hapo juu ni sahihi lakini mtu anaweza kukata bima ya mzigo na bado asilipwe.

Nilikuwa na bima hiyo. Lori langu lilikuwa likipanda mlima Kitonga na trekta moja juu ya tela, lori la mbele likazimika ghafla kwenye kona na dereva wangu akashika breki kwa nguvu. Trekta liliserereka, tairi lake kubwa la nyuma likapita ukingo wa tela, likaning'inia kidogo kisha likaangukia mtaroni kwa ubavu. Nilipofika nilikuta mkanda wa nailoni uliokuwa umelifunga umekatika kwa unyoofu kama uliokatwa kwa wembe, mahali ulipopita juu ya ncha ya chuma pasipo kuwekewa kipande cha raba. Lori na tela havikuwa na mkwaruzo wowote.

Kampuni niliyokata bima ilikataa madai yangu, na nilipousoma mkataba niliona kwamba walikuwa na haki kwa maandishi: ulinzi niliolipia ulikuwa wa moto, kugongana na kupinduka kwa chombo kinachobeba. Lori langu halikugongana na kitu wala halikupinduka. Kilichoanguka ni mzigo peke yake. Yule aliyeniuzia bima alijua kwamba nabeba mashine zenye magurudumu, ambazo hatari yake kubwa ni hiyo ya kuserereka, lakini hakunieleza. Nililipa trekta lile kwa kuuza kiwanja.

Kwa hiyo, ndugu wa Makambako, uliza kwa maandishi kama bima yako inalipa mzigo unapoanguka wenyewe, unapoharibika wakati wa kupakia na kupakua, na unapoibwa. Uliza pia kuhusu udanganyifu wa dereva au utingo, maana mikataba mingi haiulipi. Na trekta lifunge kwa mnyororo kwenye ekseli, pande nne, pamoja na magogo ya kuzuia magurudumu. Usiutegemee mkanda pekee. Piga picha kabla ya kuondoka, kwa sababu mkaguzi wa bima ataanza kwa kuuliza mzigo ulifungwaje.

Mhudumu wa Forodha, Tunduma

Kuhusu Lubumbashi nitajibu kwa kifupi. Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), iliyoanza kutumika mwaka 1987, ni bima ndogo inayovuka mpaka. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huu wa kadi, ndiyo maana unaweza kuipata hapa nchini. Italipa madhara utakayowasababishia watu wa Zambia au Kongo na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wako. Hailipi kichwa chako, tela lako wala mzigo. Hakikisha kwamba Zambia na Kongo zote zimo kwenye kadi, kisha uiulize kampuni ya bima ya mzigo kama mipaka ya mkataba wake inafika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na kuipita, kwa sababu nimewaona watu wenye bima nzuri iliyoishia Tunduma.

Mwenye Tela, Makambako

Nawashukuru sana, na pole kwa kaka wa Iringa. Nimeshaomba makadirio mapya ya bima ya mzigo kwa milioni 120 kamili, nikitaka kuanguka na wizi viandikwe wazi. Yamebaki mambo mawili. Mwenye mzigo anasema pikapu moja tayari ina bima kubwa ya kwake, hivyo nisiilipie. Pili, wakati mwingine huliacha tela lililopakiwa mahali na kuondoka na kichwa kwenda gereji.

Mfanyakazi wa Bima, Dar es Salaam

Mikataba mingi ya bima kubwa hulinda gari hata likiwa linasafirishwa juu ya chombo kingine barabarani, hivyo mteja wako anaweza kulipwa na kampuni yake. Hata hivyo, kampuni hiyo ikishamlipa huingia katika nafasi yake na kukudai wewe uliyesababisha hasara, na ile karatasi unayotakiwa kusaini itawarahisishia kazi. Iweke pikapu hiyo kwenye hesabu yako, na usiisaini karatasi hiyo kabla kampuni yako ya bima haijaisoma, kwa sababu wajibu unaoubeba kwa mkataba wa pembeni mara nyingi haulipwi.

Kuhusu tela lililofunguliwa, stika yake ya bima ndogo itakulinda likimdhuru mtu, lakini likiibwa hakuna atakayelipa hadi nalo ulikatie bima kubwa. Mzigo ulio juu yake ni suala jingine: mikataba hudai kwamba usiachwe bila mlinzi, na mara nyingi hutaka uwe ndani ya yadi yenye uzio. Ukilazimika kuuacha, uache kwenye yadi inayotoa risiti yenye tarehe, saa na namba ya tela, na uitunze risiti hiyo hadi mzigo upokelewe. Namba za stika zako zote mbili zihakiki leo kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya usimamizi wa bima, kabla hujapakia.