Je, niendelee na riwaya za Poirot?

Swali (Moshi): Ndugu wasomaji, tangu nilipopata riwaya za kwanza za mpelelezi wa kubuni Hercule Poirot kwa muuza vitabu vya mitumba hapa mjini, nimezisoma kwa mapenzi makubwa, lakini zile za mwishoni zimenihuzunisha, kwa kuwa mazungumzo yanarudiwarudiwa na fumbo halina tena makali yake. Je, niendelee?

Jibu (Arusha): Pole, ndugu yangu. Mwandishi wake, Mwingereza Agatha Christie, alimleta Poirot mwaka 1920 akiwa tayari askari polisi mstaafu wa Ubelgiji, kisha akalazimika kumbeba kwa zaidi ya miaka 50, ingawa mwenyewe alikuwa amemchoka. Hata mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua hadithini mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1893, akaja kumrudisha baadaye. Naamini uchovu wa mwandishi huonekana hata pale anapojitahidi kuuficha.

Jibu (Moshi): Tafadhali usiache kabla ya kusoma Curtain, riwaya ya kumuaga Poirot. Ilichapishwa mwaka 1975, lakini Christie aliiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili akaiweka akiba, kwa hiyo ina nguvu ileile uliyoipenda. Ziruke zile za mwishoni zilizochapishwa kabla yake.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Jumamosi nitaitafuta.