Mlango wa dereva unalia "kraa" ukifika katikati, nibadilishe bawaba?

Mkazi_Kasarani
Wadau, naomba ushauri. Mlango wa dereva unalia "kraa" ukifika katikati, halafu "tok!" kabla ya kufunguka wote. Fundi alipuliza mafuta mepesi ya kopo kwenye bawaba, ukanyamaza siku mbili, kisha kelele ikarudi. Sasa anataka ninunue bawaba mbili mpya. Nikubali?

Spana_Kumi
Shika pesa zako kwanza. Bawaba iliyokauka hulia tangu mlango unapoanza kusogea. Mlio wa katikati wenye "tok" mara nyingi ni wa kizuizi: ule mkono wa chuma ulio kati ya bawaba ya juu na ya chini, unaoingia ndani ya mlango na kuufanya usimame nusu. Unabanwa kwa springi, na vumbi likichanganyika na gresi kuukuu, unakwaruza.

Pima hivi. Fungua bolti inayoushikilia mkono huo kwenye nguzo ya bodi. Magari mengi ya Kijapani hutumia spana ya 10 au 12. Sogeza mlango polepole. Kelele ikipotea, mwizi umemkamata. Ila mtu aushike mlango muda wote! Bila kizuizi unapitiliza na kukunja madigadi.

Mkazi_Kasarani
Nimepima, kimya kabisa. Nipake nini?

Gresi_Nyeupe
Futa uchafu wote kwanza, maana kupaka juu ya vumbi ni kutengeneza msasa. Kisha gresi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya haragwe kila upande wa mkono. Rudisha bolti, fungua na ufunge mara kumi, ufute iliyobaki. Yale mafuta mepesi hayakai, ndiyo maana ulipata siku mbili tu.

"Tok" ikibaki, kizuizi kimelika ndani. Kukitoa: bolti ya nguzo, nati mbili za ukingo wa mlango, paneli ya ndani, na mara nyingi spika, kisha kinachomolewa kwa ndani. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta kingine, beba cha zamani. Cha mbele na cha nyuma havilingani, na wauzaji wengine watakuambia "hii inaingia tu".

Spana_Kumi
Bawaba nazo zikague, ni dakika moja. Fungua mlango nusu, uinue kwa ncha ya nje. Mlango ukicheza kwenye bawaba, pini na bushi (vibomba vidogo vinavyoizunguka pini) zimelika. Dalili nyingine ni mlango kupanda kidogo unapofunga. Hata hapo, kwa bawaba zenye pini ya kutoka, badilisha pini na bushi tu. Bolti za bawaba zisiguswe kabla ya kuchora alama kuzizunguka, la sivyo kuurudisha mlango sawa ni kazi ya mchana kutwa.

Mkazi_Kasarani
Asante. Na raba za pembeni, hiyo gresi inafaa?

Gresi_Nyeupe
Hapana. Raba hupakwa silikoni. Mafuta ya petroli, kama yaliyo kwenye gresi hiyo, huzivimbisha.