Modeli ya maji ya chini ya ardhi ya Shela: mpaka wa bahari uwekwe vipi?

Mwanagenzi wa Lamu

Assalamu alaikum wanajukwaa. Ninajifunza kutumia MODFLOW 6 kupitia ModelMuse, programu mbili za bure za kuiga mwendo wa maji ya chini ya ardhi, zinazotolewa na Idara ya Jiolojia ya Marekani, na eneo ninalojifunzia ni matuta ya mchanga ya Shela, yanayohifadhi maji matamu yanayotumiwa mjini Lamu. Nimeligawa eneo kwa gridi, nikaweka tabaka moja la mchanga. Mvua inayopenya nimeiingiza kwa kifurushi cha RCH (kifurushi ni sehemu ya programu inayoshughulikia jambo moja), visima kwa WEL, na ukingo wote wa bahari nimeupa kimo cha maji kisichobadilika cha sifuri, yaani usawa wa bahari. Modeli inatatuliwa vizuri, na maji yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Linalonishughulisha ni kwamba hata nikiongeza uvutaji maradufu, visima vinaendelea kutoa maji kana kwamba hakuna lililotokea, ilhali hapa kwetu inajulikana kwamba kisima kikivutwa kupita kiasi mwishoni mwa kaskazi, maji yake hugeuka ya chumvi. Je, nibadilishe upitishaji wa maji wa mchanga, au kuna jambo ambalo modeli hii haiwezi kuliona?

Fundi wa Modeli

Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Usiuguse upitishaji kwanza. Kwa namna ulivyoijenga, modeli inayachukulia maji yote kuwa na uzito mmoja, kwa hiyo chumvi haimo ndani yake kabisa. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi, na ya maji matamu ina 1,000. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya maji ya mvua yaelee juu ya maji ya bahari chini ya matuta. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila meta moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na meta 40 hivi chini ya usawa huo. Kwa hiyo uvutaji ukishusha maji kisimani kwa nusu meta tu na ukaendelea muda mrefu, mpaka wa chumvi chini yake utaelekea kupanda meta 20. Modeli yako inaiona ile nusu meta. Zile 20 haizioni.

Unahitaji kifurushi cha BUY, kinachohesabu tofauti ya uzito, kikiunganishwa na modeli ya GWT inayofuatilia chumvi. Nakusihi usianze na kisiwa kizima. Tengeneza kwanza mkato wa wima, mstari mmoja wa seli kutoka ufuoni kuelekea ndani, ukiwa na tabaka nyingi nyembamba, kwa sababu chumvi hupanda kutoka chini na tabaka moja haliwezi kuionyesha. Kabla ya hapo, tatua tatizo la Henry la mwaka 1964, zoezi la kujipima kuhusu maji ya bahari kuingia chini ya ardhi, ambalo limo katika mifano ya MODFLOW 6. Jibu lako likilingana na la mfano, ndipo uingize mchanga wa Shela.

Mpima Visima, Malindi

Naafikiana na Fundi, ila mimi ningeanzia kisimani. Huku Malindi maji ya bomba hutoka Baricho, kandokando ya mto Sabaki, na kule mpaka muhimu wa modeli ni mto. Kwenu mpaka ni bahari yenyewe, nayo haisamehe kipimo kibaya. Ukikosea kimo cha mdomo wa kisima kwa sentimita 10, kwa kanuni ileile umekosea unene wa maji matamu kwa meta 4. Midomo ya visima vyote ipimwe kutoka alama moja ya usawa. Halafu, visima vilivyo karibu na ufuo hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari, hasa wakati wa bamvua, kwa hiyo kipimo cha mara moja kitakupotosha: pima kila saa tangu maji kujaa hadi yatakapojaa tena, kisha uchukue wastani.

Mwanagenzi wa Lamu

Nashukuruni sana, walimu wangu. Je, chumvi nayo niipime wapi, juu au chini ya kisima?

Mpima Visima, Malindi

Kote. Teremsha polepole kipimo cha upitishaji umeme, kwani maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, ukiandika kila nusu meta, na ufanye hivyo asubuhi kabla pampu haijawashwa, maana ikishavuta maji huchanganyika.